Pacha au akiba? Kuchagua programu ya kunakili diski ya kompyuta kabla haijafa

Shangazi yangu mmoja, mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, ana laptopu ambayo marehemu mumewe aliitumia miaka mingi kupigia chapa tungo zake na kuwekea rekodi za sauti za wazee wa mtaani. Mna picha za harusi za watoto mle, mna hesabu za duka, mna barua. Mwanzoni mwa mwaka ilianza kujikokota. Ukiiwasha unaweza kwenda kupika chai ukarudi, bado haijafunguka. Fundi akampa ushauri ambao kwa kweli ni mzuri: atoe diski ya zamani, atie SSD, na "nitakupigia kopi ya kila kitu, mama, usitie wasiwasi."

Wasiwasi ukamwingia papo hapo. Akaja kwangu na swali: "Mwanangu, hiyo kopi ataipiga kwa programu gani? Na ikiharibikia katikati, sauti ya marehemu nitaisikia wapi tena?"

Mafundi wengi hawaulizwi swali hili, na makala haya ni jawabu lake lililorefushwa. Nimemkusudia mwenye kompyuta ya nyumbani, ya duka, ya studio ya harusi au ya cyber, ambaye si mtaalamu lakini hataki kulikabidhi jambo hili kwa mtu mwingine akiwa amefumba macho.

Mambo mawili yanayoitwa jina moja

Sote husema "kopi" au "bakapu", ilhali kuna kazi mbili tofauti, na programu nzuri kwa moja huenda isifae kwa nyingine.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza pacha. Diski nzima hunakiliwa juu ya diski nyingine: Windows, programu, mafaili, mipangilio, pamoja na zile sehemu ndogo zilizofichwa ambazo kompyuta huzihitaji ili iwake. Ukimaliza, unatoa ya zamani, unatia mpya, na kompyuta inaamka kama kwamba haikuguswa. Diski mpya inakuwa imechukuliwa yote, na chochote kilichokuwamo kabla kimefutika.

Kazi ya pili ni kuchukua taswira. Hapa diski nzima hukunjwa na kubanwa ndani ya faili kubwa ambalo unaliweka kwenye diski ya nje pamoja na vitu vyako vingine. Taswira haiwashi kompyuta yenyewe. Siku ya balaa, unaikunjua juu ya diski mpya. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuwa na taswira ya Januari, ya Machi na ya Juni, zote ndani ya diski moja ya nje, ukachagua utakayoirudia.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Pacha hunakili mazuri na mabaya kwa uaminifu uleule. Kama jana ulifuta folda kwa makosa na leo ukatengeneza pacha, pacha nayo haina folda hiyo. Kama kirusi cha kufunga mafaili kimeshaingia, utakuwa na diski mbili zilizofungwa badala ya moja. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na wengi walionusurika ni wale waliokuwa na nakala ya siku za nyuma iliyowekwa mbali na mashine.

Basi ukiwa unahama diski, unataka pacha. Ukiwa unajikinga, unataka taswira, na ziwe zaidi ya moja.

Kuna jambo la tatu ambalo halihitaji programu yoyote, nalo ndilo la kwanza kufanywa: kunakili mafaili yasiyopatikana tena duniani. Windows inapatikana upya. Word inapatikana upya. Sauti ya marehemu haipatikani. Kabla fundi hajagusa bisibisi, tungo na rekodi zile ziwe zimeshawekwa mahali pawili pengine. Mimi siendelei na kazi ya mtu mpaka hilo limefanyika, na hunisumbua sana nikiona fundi anaanza na bisibisi.

Huenda ukauliza, kama kunakili mafaili ni rahisi hivyo, kwa nini tusiburute diski yote ya C kuipeleka kwenye diski mpya? Sababu ni kwamba Windows ikiwa inafanya kazi huyashikilia mafaili yake mengi na haikuruhusu kuyanakili, na zile sehemu zilizofichwa za kuwashia hazionekani kabisa kwenye dirisha la mafaili. Utapata diski iliyojaa vitu lakini isiyowaka. Programu za kazi hii hupita njia mbili: ama hufanya kazi ndani ya Windows kwa kuiomba igandishe picha ya diski kwa wakati huo, ama huiacha Windows imelala na kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi. Njia ya pili ina usumbufu zaidi mwanzoni, lakini hakuna faili linalobadilika wakati wa kunakiliwa.

Angalia kwanza alama ya diski uliyonunua

Mafundi wa umri wangu walianza na Ghost, programu iliyozaliwa New Zealand miaka ya 1990, ikanunuliwa na Symantec mwaka 1998. Toleo la watu wa nyumbani lilisitishwa mwaka 2013, ingawa bado utaikuta kwenye CD zenye vumbi katika maduka fulani. Usiitumie kwa mashine za leo.

Kwa anayehama kutoka diski ya zamani kwenda SSD, jawabu rahisi mara nyingi limo ndani ya boksi. Samsung ina programu yake inayoitwa Magician, na inakubali kunakili ikiwa tu diski inayopokea ni ya Samsung. Crucial, Western Digital na Kingston hutoa toleo la Acronis kwa wateja wao bila malipo ya ziada, nalo hukagua kwamba diski ya kampuni husika imeunganishwa. Programu hizi hufanya kazi ndani ya Windows, zina vitufe vinavyoeleweka, na zinajua kupunguza: ukiwa na diski ya zamani ya GB 500 yenye vitu vya GB 120 tu, inawezekana kuihamishia kwenye SSD ya GB 250. Kwa hiyo ukilinganisha bei dukani, usitazame bei ya SSD peke yake. Ile isiyo na jina, iliyo nafuu kwa shilingi mia kadhaa, huenda ikakugharimu programu ya kulipia au siku nzima ya fundi.

Ukiwa huna alama hizo, au unataka programu isiyokudai chochote milele, kuna Clonezilla. Hii hutengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta zenye nguvu cha Taiwan, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka hapo. Hufanya pacha na taswira, hunakili sehemu zilizotumika tu badala ya diski yote, na inafahamu Windows, Linux na mengineyo. Vyuo na mashirika hutumia ndugu yake wa seva kunakili mashine nyingi kwa mpigo. Kwa maabara ya shule yenye kompyuta 30 zinazofanana, sijaona cha kuishinda.

Lakini sura yake ni ya maandishi meupe na rangi ya buluu, bila kipanya, na diski huitwa sda na sdb. Kwa kawaida hukataa pia diski inayopokea ikiwa ndogo kuliko inayotoa, hata kama nafasi iliyotumika ni chache. Diski ya GB 500 ya kampuni moja na ya GB 480 ya nyingine huonekana kama sawa dukani, kumbe kwa Clonezilla hazilingani.

Na hapo kwenye sda na sdb ndipo mimi mwenyewe nilipoteleza. Rafiki mwenye studio ya kupiga video za harusi aliniletea diski mbili za GB 500, aina moja, moja imejaa na moja tupu. Ilikuwa saa tano usiku. Programu iliniuliza mara mbili kama nina hakika, nami mara mbili nikajibu ndiyo. Nikainakili tupu juu ya iliyojaa. Harusi tatu zilipotea, na moja ya hizo bibi harusi alikuwa ameshasafiri kwenda kwa mumewe. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza huandika kwenye karatasi tarakimu nne za mwisho za nambari ya kila diski, hii INATOA, hii INAPOKEA, na husoma karatasi badala ya kutegemea kumbukumbu. Programu inayokuonyesha jina la diski, ukubwa wake na mchoro wa vilivyomo ina thamani kubwa kwa sababu hiyo peke yake.

Ndiyo maana kwa watu wengi hupendekeza Rescuezilla. Nayo ni ya bure, nayo huwashwa kutoka flashi, lakini ina madirisha na kipanya kama programu ya kawaida. Inasoma taswira zilizotengenezwa na Clonezilla, na inaweza kukufungulia taswira ukachomoa faili moja bila kurudisha diski nzima. Kwa mama mwenye tungo na rekodi, au mwenye duka, hii inatosha.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na video nyingi zinazosifu toleo la bure la Macrium Reflect. Zilikuwa sahihi wakati wake. Kampuni iliacha kulihudumia toleo hilo mwanzoni mwa 2024, na sasa programu hiyo, ambayo kwa hakika ni nzuri, ni ya kulipia. Tatizo ni tovuti zinazodai kukupa bure kile kinachouzwa. Programu ya kunakili diski hupewa ruhusa ya kusoma na kuandika kila kitu katika mashine yako. Kuichukua kwa mtu usiyemjua ni kumpa mwizi ufunguo akulindie nyumba. Angalia pia masharti ya zile zinazojiita za bure. Baadhi hukuacha uende hadi ukurasa wa mwisho, kisha kitufe cha kunakili diski yenye Windows kinakwambia ulipe kwanza.

Kwa kujikinga kwa muda mrefu, yaani taswira inayojichukua yenyewe kila usiku, Veeam Agent ya Windows ina toleo la bure ambalo ofisi ndogo inaweza kulitegemea. Mara ya kwanza huchukua diski yote, mara zinazofuata huchukua yaliyobadilika tu. Si ya kutengeneza pacha. Windows yenyewe ina kifaa cha zamani cha taswira kilichobaki tangu Windows 7, lakini Microsoft ilitangaza tangu 2017 kwamba haikiendelezi, na mimi sikiegemei. Wenye Mac wana Time Machine, inayokuja na mashine tangu 2007. Kwa Mac za kuanzia M1 haina haja ya kuhangaikia pacha: rudisha mfumo wa Apple, kisha ruhusu Time Machine irejeshe vitu vyako.

Diski mgonjwa ni kesi nyingine

Yote niliyosema ni kwa diski iliyo mzima. Kabla ya kuchagua programu, jua hali yake. CrystalDiskInfo ni ya bure na husoma taarifa ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Ikionyesha rangi ya buluu, endelea. Ikionyesha manjano au nyekundu, au ukiisikia diski ikigonga-gonga tik tik, simama.

Programu ya kawaida ikikutana na sehemu mbovu huwa ama inaacha kazi ama inarudia kuisoma sehemu hiyohiyo tena na tena, na kila jaribio huipunguzia diski uhai. Kwa hali hiyo kuna GNU ddrescue. Kazi yake ni kuchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, kuruka mabovu, kuandika ramani ya ilipofika, kisha kurudi kwenye mabovu mwishoni. Umeme ukikatika, inaendelea kutoka ilipoachia. Inaendeshwa kwa kuandika amri, kwa hivyo usione haya kumtafuta anayeijua. Na ikiwa diski inagonga na vilivyomo havina bei, usiiwashe tena hata mara moja kujaribu. Hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data, na kila jaribio la nyumbani huwapunguzia nafasi.

Mambo yanayowakwamisha watu wa kwetu

Stima kwanza. Kutengeneza pacha husoma tu diski ya zamani, kwa hivyo stima ikipotea katikati, ya zamani aghalabu hubaki salama na mpya ndiyo huwa haijakamilika, utaanza upya. Hata hivyo usianze na betri iliyokufa. Kompyuta ya mezani ifungwe kwenye UPS, laptopu ijazwe na ibaki kwenye chaja.

Kisha muda. Kisanduku cha USB 2 hupitisha takriban MB 30 kwa sekunde, kwa hivyo GB 200 huchukua karibu saa mbili. Kwa USB 3, diski ya kuzunguka ya kawaida humaliza mzigo huohuo kwa takriban nusu saa. Kuhusu kupandisha yote mtandaoni, piga hesabu kabla ya kununua bando: kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5, GB 200 zataka zaidi ya siku tatu na nusu mfululizo. Peleka huko tungo na picha, si Windows.

Flashi na diski za nje za bandia ni balaa la peke yake. Inajiandika TB 2, ndani ina GB 32; inapokea mafaili yako bila kulalamika huku ikiandika mapya juu ya ya zamani. Ijaribu siku uliyoinunua kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Hujaza diski yote, kisha husoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Usishtuke tu TB 1 halali ikionekana kama GB 931. Ni namna Windows inavyohesabu, hujaibiwa.

Laptopu nyingi mpya huja na BitLocker au ndugu yake ikiwa imewashwa bila mwenyewe kujua. Kabla ya kunakili, tafuta ule ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi, kisha uuzime ulinzi huo kwa muda. Nimeona watu wenye taswira kamili wasioweza kuifungua.

Na baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanahamia Windows 11 kwenye mashine zilezile. Chukua taswira kabla ya kuhama. Ukijuta, unarudi ulipokuwa kwa saa moja.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa watu wa pwani hilo la nje ya nyumba ndilo nalisisitiza. Hewa ya chumvi hula kila chuma, na nakala iliyowekwa mtoto wa meza uleule na laptopu huibiwa pamoja nayo.

Mwenye cyber ana la zaidi. Diski yake imejaa vitambulisho, vyeti na PIN za watu waliokuja kujaza fomu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu. Baada ya kuhamia SSD, diski ya zamani isiuzwe kwa kuformatiwa haraka tu, kwani hilo hufuta orodha na kuacha mafaili yenyewe. Ama ifutwe kwa kuandikwa upya yote, ama itobolewe.

Ile laptopu ya shangazi

CrystalDiskInfo ilionyesha manjano. Hatukukimbilia pacha. Tulizima, tukawasha kutoka kwenye flashi ya Rescuezilla, tukachomoa kwanza folda mbili tu, tungo na sauti, tukaziweka kwenye flashi mbili zilizojaribiwa. Kisha tukachukua taswira ya diski nzima kwenda diski ya nje. Ilikataa mara moja kwenye sehemu mbovu, tukaichukua kwa ddrescue usiku kucha, na asubuhi ramani ikaonyesha sehemu chache mno zilizokosekana, hakuna hata moja ndani ya zile folda mbili. Ndipo SSD ikatiwa. Fundi alikuwa muungwana, alikaa na sisi mpaka mwisho, na akaandika tarakimu za diski kwenye karatasi bila kuambiwa mara ya pili.

Siku ya kujaribu, diski ya zamani ilikuwa imeshatolewa kabisa, maana kuwasha mashine yenye pacha wote wawili huichanganya Windows. Nilitaka kuanza kwa kukagua mipangilio. Shangazi akaniwekea mkono begani, akasema nifungue rekodi kwanza, ile ya pili kutoka juu. Tukaisikiliza mpaka mwisho, dakika kumi na moja. Diski ya zamani ameifunga kwa kanga na haijafutwa bado. Diski ya nje yenye nakala iko kwa binti yake, Likoni.